Sufuria la Mkono Mmoja

Kambini, 4 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Hujambo, na cherehani yako haijambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Wanangu watatu nao, wanakusumbua kiasi au wamepitiliza? Mwambie Karani kwamba ukubwa si kupiga kelele, awaongoze wenzake taratibu. Kimya mwambie anijibu hata kwa mstari mmoja, ndani ya mtu hatuoni. Kitinda mwambie jino la mbele likitoka alitunze, nikirudi nataka kuliona.

Mimi mzima, ila nimechoka. Wanaume mia mbili wanaojenga barabara wanakula kama barabara yenyewe iko tumboni mwao. Nimemaliza chakula cha mchana, cha jioni hakijaanza, ndiyo nafasi yenyewe nakuandikia, nimekalia gunia la mchele. Mtandao huku hakuna, usinitafute kwa simu. Dereva wa lori la mahitaji anapita kila baada ya wiki mbili, njia ikimruhusu. Mpe barua na chai, hasahau.

Sasa sikia. Umeniandikia kwamba chakula kilikwisha na mwezi haujafika mwisho. Sikushangaa. Mwanamume akienda sokoni ana njaa hurudi na nyama, chumvi hana. Unanunua kila siku kile ambacho macho yameona. Kuanzia leo macho yako yapumzike, nakuandikia ratiba. Ibandike ukutani, juu ya ndoo ya maji.

Jumapili asubuhi loweka maharage, kikombe kimoja cha bati kwa kila mdomo, mko watano, vikombe vitano. Jioni yachemshe yote kwa moto mmoja. Jumatatu mle na wali. Maji ya maharage usimwage, ndiyo supu ya Jumanne, utatumbukiza viazi humo. Jumatano yaliyobaki yaponde, ukaange na kitunguu, mle na mkate wa jana. Mwenye duka la mkate huupunguza bei saa nne asubuhi, usione haya kuuomba. Alhamisi mboga za majani na yai moja moja kwa watoto. Ijumaa samaki wadogo wakavu, wachache, kwa kunukisha tu. Jumamosi nenda buchani wakati wanafunga, uchukue mifupa. Sahani ya Mama ipakuliwe kwanza, kabla ya kutia chumvi, daktari alishasema.

Na yote hayo yapikwe kwenye sufuria kubwa. Lile dogo lililovunjika mkono mmoja ni la uji wa asubuhi tu, chakula cha watu watatu kikizidi kinamwagika.

Lililobaki ni moja, na ndilo kubwa. Shemeji yangu, baba yao mkubwa, atakuja tena kukuambia anachukua watoto wawili ili akupunguzie mzigo. Mwambie hapana. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie hapana. Nilikubali kuja huku nikapikie watu nisiowajua kwa kiapo kimoja tu: wanangu wale chungu kimoja, chini ya dari moja. Tangu baba yao afariki sijaomba kitu kingine kwa mtu yeyote.

Unajua kwa nini. Mimi nilishapunguzwa. Nilikuwa na miaka tisa, wewe mitatu. Nilipelekwa kwa shangazi kwa muhula mmoja, nikakaa miaka saba. Nilikuwa mlaji, kila mtu alisema, mtoto huyu anakwangua sufuria hadi linalia, mkanipachika na jina ambalo nimekukataza kulitaja. Wewe ulikuwa unakula kama ndege, ukabaki. Silalamiki. Nakukumbusha tu.

Dada yako


Nyumbani, 22 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha dereva juu yake, kwa hiyo chai ameshapata huko huko. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, anasema chakula bila chumvi ni kama kutafuna barua, lakini anakitafuna. Watoto wazima. Karani ameibandika ratiba ukutani kwa uji mzito na anatia alama kwa kalamu nyekundu kila tukimaliza kula. Dada, umenipa ratiba au umenipa mwajiri?

Wiki ya kwanza nilikosea. Yale maharage niliyachemsha vizuri, nikayachuja vizuri, nikamwaga maji yake nje kama mtu mwenye akili. Karani akatoka mbio jikoni, mikono kichwani: "Mjomba, umemwaga Jumanne!" Jirani alicheka hadi akaketi chini. Jumanne hiyo tulikula viazi na maji ya kawaida. Kitinda akaniuliza kama Jumatano nayo nitaimwaga.

Lakini ratiba inafanya kazi. Tumefika tarehe hii na maharage bado yapo. Mkate wa jana nilipouomba mwenye duka alinitazama mara mbili, sasa ananiwekea kabla sijafika. Nimekuwa mteja wa jana.

Kazini pamelegea. Msimu wa sare za shule umepita, siku hizi watu wanaleta zipu na vifungo. Halafu yule mama aliyekuwa akituuzia chakula cha mchana hapa barazani amehama, amemfuata binti yake. Tuko mafundi kumi na wawili, wa nguo na wa viatu, ikifika saa saba tunatazamana tu. Mshona viatu anakula mkate mkavu akiangalia ukutani, anasema ukuta ndio mchuzi.

Baba yao mkubwa alikuja Jumapili. Akakaa, akanywa maji, akaisoma ratiba yako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akasema kwake kuna vitanda viwili vitupu na mahindi hayaliwi yakaisha. Nikamwambia maneno yako, kwa adabu. Akajibu, "Kiapo hakiivishi maharage, shemeji." Nikamwambia moto ndio unaoivisha, akaenda zake. Si mtu mbaya, Dada. Lakini nimekataa.

Kuhusu ile habari ya mimi kubaki, kumbuka umri wangu. Nilikuwa na miaka mitatu. Mtu wa miaka mitatu habaki, anaachwa.

Mdogo wako,
Sindano


Kambini, 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama umpe pole ya miguu, watoto uwabusu wote watatu vichwani, kwa zamu wasigombane. Nilicheka hiyo ya Jumanne hadi mnyapara wa jikoni akaja kuuliza. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Usiushangae mwandiko, kalamu ni mbaya na mahali pa kuandikia ni pabaya zaidi.

Pesa za safari hii zimepungua, na mwezi ujao zitakuwa hivyo hivyo. Usiniulize. Badala ya kuniuliza, bandika ratiba hii juu ya ile ya zamani.

Mifupa ya Jumamosi ondoa. Mayai mara moja kwa wiki mbili. Wali Jumatatu tu, siku nyingine viazi, vile vidogo vidogo, havimenywi, vinasuguliwa tu kwa maji. Kabichi moja iende siku mbili: majani ya nje siku ya kwanza, moyo wake siku ya pili, na kile kigogo usitupe, kikate vipande vyembamba ukitie kwenye supu. Mwambie Karani anunue chumvi ya jiwe, inachukua muda kuisha. Jumatano wasipopata mkate wanywe uji, na uji huo uwe mzito, mwiko usimame. Mtoto akilala na uji mwepesi anaamka kabla ya jogoo.

Chakula kikipungua kabisa, ongeza maji, usipunguze mtu. Hilo liandike kwa kalamu nyekundu.

Nakuletea na koti langu la jikoni kwa dereva huyu huyu. Mkono wa kulia umechanika. Lishone utakapopata nafasi, si la haraka, siku hizi nafanya kazi bila koti.

Nimechoka, Sindano. Kuna siku nakaa chini na kuinuka kunakuwa kazi nyingine.

Dada yako


Nyumbani, 30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Tumepokea kila kitu, asante sana. Watoto hawajambo. Mama anakusalimu, amejilaza kidogo.

Ratiba mpya tunaifuata. Hata kigogo cha kabichi tumekila, nilidhani ni utani nikakuta kina utamu wake. Tunakula vizuri, usiwe na wasiwasi. Mimi siku hizi nakula kazini mchana, nikirudi nyumbani nimeshiba, kwa hiyo hata gharama imepungua.

Juzi tu nusura tupate msiba wa maharage. Kimya aliinua lile sufuria dogo motoni akalishika upande usio na mkono, likayumba, nikaliwahi. Chakula chote cha jioni kilikuwa humo. Hakuna aliyeungua. Machozi yalimlenga, nikamwambia hata mimi nilishamwaga Jumanne nzima na sikufungwa.

Koti nimelipokea. Nitakuandikia kuhusu hilo koti siku nyingine.

Baba yao mkubwa alipita tena. Tulizungumza kwa kirefu.

Sina zaidi. Ukiweza, pumzika.

Sindano


Kambini, 14 Aprili

Sindano,

Mama nampa shikamoo. Wewe leo sina salamu yako.

Barua yako nimeisoma mara nne, nikaenda kuosha masufuria, nikarudi nikaisoma ya tano. Unadhani unamwandikia nani? Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mimi lile sufuria la mkono mmoja nimelipakua miaka kumi. Nilikuandikia kwamba ni la uji. Nilikuandikia kwamba ni la watu watatu. Sasa unaniambia chakula chote cha jioni kilikuwa humo, maharage, na hakikumwagika!

Unasema unakula kazini. Unakula kwa nani? Kwa yule mama aliyehama? Au na wewe unachovya mkate ukutani? Basi huli kazini, unakula nyumbani. Haya, tuhesabu. Wewe mmoja, Mama wa pili, na Kimya, maana ndiye peke yake uliyemtaja. Watatu. Sufuria limetosha sawasawa.

Karani yuko wapi? Mbona safari hii hakuamrishi kitu? Kitinda na jino lake yuko wapi? Baba yao mkubwa alikuja, "mkazungumza kwa kirefu." Sema tu. Umewatoa. Vitanda viwili vitupu, watoto wawili. Hata hesabu ya mtoto wa chekechea inafika hapo.

Nilikuomba kitu kimoja.

Wewe hujui, Sindano, na sikulaumu kwa kutojua, nakulaumu kwa kutouliza. Hujui kula kwenye nyumba ambayo kijiko chako kinahesabiwa. Kwa shangazi nilijifunza kutafuna bila sauti. Nilijifunza kusema nimeshiba kabla sijaulizwa. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi jembe nililikuta linanisubiri mlangoni. Na hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana, ndiyo maana hadi leo sina hata kisa cha kusimulia. Nina njaa tu ambayo haikuisha hata nilipoanza kula kwa macho sahani mia mbili kwa siku.

Warudishe. Sijui utafanyaje. Warudishe kabla Kitinda hajajifunza kusema ameshiba.

Dada yako, kama bado


Nyumbani, 9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mvua ilikata njia, dereva alilala na barua zenu wiki tatu upande wa pili wa mto. Yako ya tarehe 14 imefika jana. Nakuambia hivyo ili ujue sikukunyamazia, ingawa wiki tatu zote hizo ulikuwa ukinichukia, na mimi sina habari, nashona zipu.

Aliyeipokea ni Karani. Ndiyo, Karani, yuko hapa, hajaenda popote. Bahasha aliifungua mwenyewe, kosa lake nimeshamsema. Akaisoma jikoni, akaja nayo kazini kwangu mbele ya mafundi wote, akaniwekea juu ya cherehani. Akasema, "Mjomba, mwambie Mama. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi." Ana miaka kumi na mbili na ana macho yako.

Kitinda yuko hapa. Jino limetoka, liko kwenye kasha la vifungo, analikagua kila asubuhi. Kimya yuko hapa. Watatu wote wanakula lile sufuria dogo na linawatosha, sawasawa kama ulivyosema. Wewe kwa sufuria huna mpinzani. Umekosea watu tu.

Sahani zilizoondoka ni yangu na ya Mama.

Nilianza mimi. Zile pesa pungufu za Machi zilipofika nilipiga hesabu, nikaona ukiongeza maji hadi watu watano washibe, wanashiba maji. Nikaanza kusema nakula kazini. Mama alinigundua siku ya nne, akanisema vikali, akasema tupokezane, leo mimi kesho yeye. Nikakubali. Kumbe siku yake ya kula alikuwa anamwekea Kimya, na siku yangu ya kula nilikuwa namwekea Kitinda, na sote wawili tunajipangusa midomo. Hapo ndipo sufuria kubwa likapanda juu ya kabati.

Wiki ya pili ya Aprili Mama alianguka bombani akiwa na ndoo. Hakuvunjika. Muuguzi alimwuliza, "Bibi, umekula nini leo?" Akajibu, "Nimeshiba, mwanangu." Sikukuandikia. Ningekuandikia nini? Sasa anakula, nasimama juu yake kama askari. Mafundi wenzangu walichanga kidogo, na baba yao mkubwa alileta debe la mahindi, akaliweka mlangoni bila kusema lolote kuhusu vitanda. Alipokuja mwezi wa tatu tulizungumza kwa kirefu kweli. Alinikuta nimeketi chini, nimeishiwa nguvu. Aliniomba tena wawili, nikamwambia niue kwanza.

Sasa zamu yangu. Ulinitumia koti ukasema mkono umechanika. Dada, mimi ni fundi. Nguo iliyochanika huacha nyuzi. Hii haina nyuzi hata moja, ina ukingo mweusi mgumu, kuanzia kiwiko hadi kifundo, na kwa ndani kuna kitu kilichogandamana ambacho nilikiloweka siku mbili kikakataa kutoka. Lile ni koti lililotolewa mwilini kwa kuvutwa. Nimekaa nalo mwezi mzima sijui nianzie wapi. Na ule mwandiko si kalamu mbaya, ni mkono wa kushoto. Na mpishi wa watu mia mbili haoshi masufuria.

Uliniambia nisikuulize. Nakuuliza.

Mkono wa koti nimeukata wote, nimekutengenezea mpya kwa kitambaa laini. Mama ana maneno yake, Karani ameyaandika kwenye karatasi ya pili. Mimi sijaruhusiwa kuyasoma.

Sindano


Karatasi ya pili

Mama shikamoo, ni mimi Karani. Bibi amesema niandike kama anavyosema, nisirembe.

Mwanangu,

Nimesomewa barua yako. Nimesomewa hadi pale pa kijiko kuhesabiwa, nikamwambia huyu mtoto anyamaze kidogo, kisha nikamwambia aendelee.

Umekaa na neno hilo miaka thelathini hukuniuliza. Na mimi nimekaa na langu hukuniuliza, nikaona afadhali. Sasa sikia.

Mwaka ule hatukuwa na kitu. Shangazi yako alikuwa na ghala, na ng'ombe wa maziwa wawili. Akasema, nipe mmoja. Nilikuwa na wawili. Mdogo wako alikuwa akipewa anakula, asipopewa analala. Wewe ulikuwa ukilala na njaa unatafuna usingizini. Nilikuwa nasikia meno yako. Nilikaa macho siku nyingi nikisikiliza mtoto wangu anakula kitu ambacho hakipo.

Sikukutoa kwa sababu ulikuwa unakula sana. Nani aliyekuambia? Waliotania walitania. Mimi nilipeleka mwenye njaa kwenye chakula. Ndivyo nilivyofikiri. Nilidhani nakupa wewe ile nafasi nzuri na mdogo wako namnyima. Sikujua kama pale kwake vijiko vinahesabiwa. Ulipokuja kututembelea ulisema umeshiba, nikafurahi. Nisamehe, nilifurahi.

Ulipoondoka niliendelea kuacha moto chini ya wali hadi uungue. Mdogo wako ukoko hakuupenda. Nilikuwa naukwangua mimi.

(Mama, hapa Bibi aliomba maji. Sasa anaendelea.)

Jambo la pili. Hiyo ratiba yako naitazama kila siku, iko mbele ya kitanda changu. Sahani tano. Umeandika ya kwangu, isiyo na chumvi. Umeandika za watoto. Umeandika ya mdogo wako. Ya kwako iko wapi? Ratiba ya kwanza haimo, ya pili haimo. Hakuna hata siku moja uliyojihesabia hata kiazi. Umejitoa mwenyewe, mwanangu, mara hii hakuna aliyekutoa.

Kiapo chako kilisema watoto wale chungu kimoja. Chungu hicho hakina mama yao. Mkono wako umeungua, wanakuoshesha masufuria kwa ujira pungufu, na wewe unatuandikia jinsi ya kukata kigogo cha kabichi. Inatosha. Debe la mahindi lipo. Njoo tukose pamoja.

Ni mimi mama yako. Nimechoka kusema, huyu mtoto naye mkono umemuuma.


Kambini, 24 Mei

Sindano, mdogo wangu,

Marahaba, na wewe pokea shikamoo yangu leo, ingawa nimekuzidi miaka sita. Nisamehe. Barua ile ya Aprili ichome. Usiichome, washia moto wa maharage, angalau ifanye kazi.

Ilikuwa mafuta, tarehe mbili Machi. Pipa la kukaangia liliteleza. Walinihamishia kwenye kuosha, nusu ujira, nikasema nusu si sifuri, nikanyamaza. Mkono umepona kwa kiasi. Mwiko unashika. Kalamu bado.

Karatasi ya pili nimeisoma. La kuhusu hiyo nitamwambia Mama mwenyewe. Mwambie tu kwamba bado natafuna usingizini. Wenzangu wa bwenini wameniambia.

Nimechukua changu kilichobaki ofisini. Si kingi. Barua hii inatangulia na lori la leo, mimi nitashuka nalo safari ijayo, Jumamosi, dereva amekubali nikae mbele.

Sikiliza. Pale barazani kwenu mko mafundi kumi na wawili mnaotazamana saa saba. Kuna mtu aliyezoea mia mbili anakuja kukaa nyumbani. Zungumza na mshona viatu, kisha zungumza na wengine. Mwambie ukuta upumzike. Maharage ya kumi na wawili ukipika na ya sita pamoja, moto ni ule ule. Kama haitatosha tutajua pamoja kwamba haijatosha, bila mtu kujipangusa mdomo.

Baba yao mkubwa umwalike siku moja ale. Nitampakulia mwenyewe.

Ratiba ya wiki sitaandika, nitakuwepo. Naandika siku moja tu, Karani aibandike:

Jumapili. Sufuria kubwa lishushwe kutoka juu ya kabati, lioshwe vumbi. Mchele vikombe sita. Sahani ya Mama kwanza, kabla ya chumvi. Sahani sita. Moto uachwe chini ya wali hadi unukie, na asikwangue mtu.

Ni mimi,
Ukoko